Udhu wa Bi Kuruthumu Angani

Kwa jina la Mola aliyeitandaza anga bila kuishona, akaijaza upepo na mawingu, kisha akampa mja macho ya kuitazama na moyo wa kuiogopa, naanza. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyeifundisha miguu yetu njia na ndimi zetu dua. Ziwafikie na watu wa nyumba yake, na kila aliyewafuata kwa wema. Nikipatia katika kusimulia, sifa ni za Mola. Nikikosea, kwake ndiko kwenye msamaha.

Kwanza na wajulikane watu, kila mmoja mahali pake.

Wa mbele ni Bi Kuruthumu, mjane wa Majengo ya Embu. Alizaliwa Mbeere, katika nyika kavu za chini, binti wa wafugaji wa mbuzi, akaitwa Ciakuthii. Alipoolewa na mchinjaji wa mjini alisilimu akapewa jina la pili, naye akalivaa vyema hata wengi wakalisahau la kwanza. Anayemfuata ni mwanawe Idrisi, aliyerithi kisu cha baba yake na duka la nyama, mtu wa maneno machache na subira nyingi. Kisha wako wenzao wa safari kutoka Meru: Suleiman, mwenye duka la nguo na mafuta ya taa kwenye njia ya Kaaga, na mkewe Rahema, ambaye ulimi wake ulifika kabla yake popote alipokwenda. Nyuma yao wako wawili waliobaki nyumbani: Runji, dresa, msaidizi wa daktari katika hospitali ya mjini, Mkristo na jirani mwema, na Mwalimu Hassan, aliyesomesha watoto asubuhi na wakubwa baada ya alasiri.

Ulikuwa mwaka wa nne wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Mtu hakutoka wilayani bila kibali, na aliyezaliwa Mbeere au Embu au Meru alitazamwa mara mbili kabla ya kupewa. Bi Kuruthumu alikuwa ameomba kibali cha kwenda Hija mwaka uliotangulia, akanyimwa bila kuambiwa sababu. Safari hii alipewa, kwa mwaka huo mmoja tu. Mumewe alikuwa amefariki akiwa na nia ya kuiona Nyumba ya Mola, naye aliibeba nia hiyo pamoja na ya kwake, kama mtu abebaye mitungi miwili. Alijua umri wake. Alijua pia kwamba kibali kikipita hakirudi. Akiikosa safari hii, ameikosa.

Runji ndiye aliyewachanja. Zilikuwa sindano za ndui, za kipindupindu na za homa ya manjano, kila moja kwa zamu yake, na mikono ilivimba, na watu wakalala na homa.

"Mama, pandisha mkono wa nguo," alisema Runji.

"Upi?"

"Wowote."

"Basi wa kushoto. Wa kulia naulia chakula."

"Sindano haitakunyang'anya chakula, mama. Ila ukija na mkono huo huo mara ya tatu utanilaumu."

Alipomaliza kuwachanja mama na mwana, Runji aliwaketisha kwenye benchi akawaambia namna ya kujitunza angani. Alikuwa Burma na jeshi wakati wa vita vikuu, akiwapandisha majeruhi katika ndege, na aliyoyasema aliyaona kwa macho.

"Hewa ya huko juu inakausha mtu kama nyama iliyoanikwa. Kunyweni maji hata kama hamsikii kiu. Masikio yakiziba, mezeni mate au tafuneni kitu. Na msikae kama magunia. Simameni, nyoosheni miguu, tembeeni hata hatua chache. Mtu akikaa bila kujigeuza, damu inalala miguuni. Niliona wanaume wenye nguvu wakivimba miguu, na wengine wakaanguka ghafla waliposimama."

"Tutakumbuka," alisema Idrisi.

"Kumbukeni na hili. Aden, ndege itakapotua, chini ya ngazi anasimama daktari wa karantini. Anayeshuka akitembea hupita. Anayeshuka akiyumba, au akibebwa, huzuiliwa mpaka ijulikane kuwa hana maradhi ya kuambukiza. Na ikijulikana, wenzake watakuwa wamekwisha kuhiji."

Bi Kuruthumu aliitikia kwa adabu. Moyoni alisema kwamba huo ni ushauri mwema kwa askari, na kwamba yeye haendi vitani.

Jioni ya darasa la mwisho kabla ya safari, aliuliza jambo lake mbele ya Mwalimu Hassan. Je, udhu ukikatika ndani ya ndege, mtu hufanyaje?

Mwalimu alifikiri kidogo. "Swali jema. Huko juu, Bi Kuruthumu, hapana maji ya kutawadhia, wala hapana udongo wa kutayamamu. Kwa hiyo msafiri wa angani..."

Hapo filimbi ya askari ikalia mwisho wa mtaa. Saa ya kafyu ilikuwa imekaribia, na aliyekutwa njiani baada yake alilala ndani ya waya wa kizuizini. Watu walikusanya mikeka, kila mmoja akashika njia ya kwake. Bi Kuruthumu alirudi nyumbani na nusu ya jibu. Ile nusu nyingine aliijaza mwenyewe: msafiri wa angani hana budi kuulinda udhu wake.

Akanuia. Atatawadha alfajiri ya safari, na udhu huo mmoja ataubeba mbinguni, ashuke nao, asiuvunje mpaka atie mguu katika nchi ya Mtume. Hakumwambia mtu. Nia ya namna hiyo, alivyoona yeye, ikisemwa hugeuka majigambo.

Walilala Nairobi, Pumwani, kwa jamaa ya Suleiman. Tangu mchana wa siku hiyo Bi Kuruthumu hakunywa tena kitu, ili asije akahitaji choo. Alipoletewa chai alisema tumbo lina wasiwasi wa safari. Suleiman, kwa upande wake, alikula sambusa za nyama, akala na sahani ya pilau, na alfajiri akala mahamri yaliyobaki.

"Utaizamisha ndege," Rahema alimwambia.

"Mtu hasafiri na njaa."

"Wala hasafiri na duka lake lote tumboni."

Uwanja ulikuwa Eastleigh, na ndege ilikuwa na injini mbili, pua juu na mkia chini, kama mbuzi aliyepiga magoti ya nyuma. Mtumishi wa ndege alikuwa kijana wa Aden aliyelelewa Lamu, mwenye Kiswahili laini. Alipoinama kumfunga Bi Kuruthumu mkanda, mama huyo aliivuta mikono yake ndani ya buibui, kwa kuwa katika madhehebu yetu ngozi ya mwanamume wa kando ikigusa ya mwanamke udhu hukatika. Mkanda ukafungwa na mwanawe. Kisha akaketi wima, akayagandamiza makalio yake kitini kwa hesabu ya fikihi: mtu akisinzia hali ameketi imara, hakuinuka hata kidogo mahali alipokalia, udhu wake haukatiki. Runji alikuwa amesema asikae kama gunia. Yeye aliamua kukaa kama mlango uliopigiliwa.

Injini zikanguruma. Ardhi ikakimbia, ikawa nyepesi, ikawaachia.

Rahema alinyamaza, na mumewe alimtazama kuhakikisha kwamba ni mzima. Nyumba zilipungua zikawa kama punje. Barabara ikawa uzi mwekundu. Mto ulioonekana mkubwa mtu akiuvuka ukawa ufa katika chungu. Bi Kuruthumu aliweka paji la uso wake kwenye kioo. Masikio yaliziba, akameza mate. Mdomo ulikuwa mkavu, mate yakawa machache, na masikio yakamuuma. Hakulalamika. Macho yake yalikuwa na kazi kubwa zaidi.

Kushoto kwao mawingu yalitanda meupe hadi upeo, na katikati ya weupe huo mlima ulisimama na barafu yake, umeshika jua la asubuhi kabla ya viumbe wote.

"Kirimaara," alisema Suleiman, akivua kofia.

"Kirinyaga," alisema Idrisi kwa upole.

"Wa Embu na wauite watakavyo. Mlima umeegemea Meru."

"Angalieni," alisema Bi Kuruthumu.

Sauti yake ilikuwa ndogo, wakainama wamsikie.

"Tumeruka tukafika hapa, ndege wote wako chini yetu, na mlima bado uko juu yetu. Tumepaa kote huku, na bado tunautazama kwa kuinua macho."

Ilikuwa kweli. Ndege ile haikuweza kupanda juu zaidi, na kilele kiliwatazama kama mzazi atazamavyo watoto wanaorukaruka uani. Idrisi, ambaye amechinja na kupima nyama chini ya mlima huo maisha yake yote, aliona aibu kwamba hakuwahi kuutazama sawasawa.

Pengo likafunguka katika mawingu. Waliona ukingo wa msitu, na kando yake handaki la kuwazuia wapiganaji wa msituni, lililochimbwa na mikono ya wanavijiji, limeshuka mabonde na kupanda vilima, jembamba kama mshono wa nguo. Waliona vijiji vipya vya Hali ya Hatari, paa kwa paa, kila kimoja ndani ya duara lake la miti iliyochongwa. Mambo yaliyowalemea watu usiku na mchana, kutoka huko juu yangefunikwa na kiganja. Kisha mawingu yakaisha, ikaja Mbeere, wazi na kavu na nyekundu, na mto Thagana ukimeremeta ndani yake.

"Kwetu," alisema Bi Kuruthumu. Aliifuata ardhi ile kwa kidole juu ya kioo mpaka ikapita chini ya bawa. "Baba yangu alitembea siku nzima kutafuta maji hapo. Nimeipita kabla sijamaliza kumkumbuka."

Hakutikisa mguu wala kiuno hadi Mogadishu.

Mogadishu waliteremshwa ili ndege itiwe mafuta. Joto liliwapokea mlangoni. Bi Kuruthumu aliposimama, miguu haikuitika. Ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyekopeshwa. Alishuka ngazi akimshika mwanawe begani, na Idrisi alidhani ni uzee. Adhuhuri ilipoingia abiria Waislamu walitafuta bomba, wakatawadha, na Idrisi akawasalisha adhuhuri na alasiri kwa pamoja, kwa kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri.

Rahema hakupitwa na kitu. "Somo, mbona hukutawadha?"

"Ninao."

"Unao tangu wapi?"

"Tangu Pumwani, alfajiri."

Rahema alimtazama midomo. Ilikuwa imepasuka, ina rangi ya jivu. "Na maji je? Hapa kuna maji tele, baridi, ya bure."

"Sina kiu."

"Muongo mkubwa," alisema Rahema, kwa mapenzi. Lakini watu waliitwa ndegeni na mazungumzo yakakatika.

Mwendo wa pili ulikuwa mkali. Nchi ya chini ilichemka kwa jua, na hewa iliyopanda kutoka kwake iliinua ndege na kuiangusha, kuiinua na kuiangusha. Suleiman aliishika mifuko ya karatasi mmoja baada ya mwingine, na sambusa za Pumwani zikarudi kwa njia zilizoingilia.

"Mahamri pia?" Rahema aliuliza, akimpepea.

"Usinitajie jina lake."

Rahema alikuwa bado akicheka alipogeuka kutafuta wa kucheka naye. Akaacha. Kichwa cha Bi Kuruthumu kilikuwa kimeegemea kioo, macho nusu wazi. Alipomgusa mkono aliuona umekauka na kuwaka moto. Aliinua pindo la buibui: nyayo zilikuwa zimevimba, mikanda ya viatu imezama katika nyama.

"Idrisi," aliita. "Njoo hapa kwa mama yako."

Mtumishi wa ndege alikuja naye. Alimtazama mama huyo, akamvuta Idrisi pembeni kidogo. "Sheikh, rubani atazungumza na Aden kwa redio muda si mrefu. Lazima aseme kama ana mgonjwa. Akisema anaye, watakuja na machela hadi ngazini, na huyo haendi Jidda. Nimwambie nini?"

"Nipe muda."

"Si mwingi."

Idrisi aliomba bilauri ya maji. Akapiga goti moja katika njia nyembamba kati ya viti, mbele ya mama yake.

"Mama. Umekunywa nini tangu jana?"

"Nina nia, mwanangu."

"Nia ya saumu?"

"Ya udhu. Mmoja, tangu alfajiri mpaka kule. Mwalimu alisema huku hapana maji wala udongo."

Idrisi alifumba macho. "Alisema hivyo, na filimbi ikapigwa. Mimi nilirudi asubuhi yake nikapata maneno yaliyobaki. Msafiri wa angani husali vituoni, akakusanya sala na kuzipunguza. Na udhu ukimkatika njiani hana dhambi, hutawadha akishuka. Hayo ndiyo aliyotaka kusema."

"Sikuuliza kipi kimeruhusiwa, Idrisi." Maneno yalimtoka kwa shida, ulimi ulinata. "Nilitaka kumpelekea kitu. Watu wanakwenda na elimu, wengine na sadaka walizotoa. Mimi nina nini? Nilisema nitampelekea udhu uliopita mbingu zote bila kukatika."

Rahema aligeuza uso dirishani.

Ndege ilitikisika, maji yakamwagika kwenye kanzu yake. Idrisi akaishika bilauri kwa mikono miwili.

"Mama, baba alipokuwa hai, wewe ndiye uliyeleta karai la maji machinjioni."

"Ni mimi."

"Kwa nini? Ng'ombe wale walikuwa wanakwenda kufa."

"Mnyama hachinjwi na kiu. Ni haki yake. Hata anayekwenda kisuni hunyweshwa."

"Na yule dume mwekundu aliyetembezwa kutoka Isiolo, aliyekataa kunywa?"

Macho ya Bi Kuruthumu yalifunguka kidogo. "Tulimngojea."

"Baba amesimama na kisu, wanunuzi wamejaa mlangoni wanapiga kelele, na wewe umeshika karai. Ukamwambia baba: asiponywa, hachinjwi."

"Yule dume alikuwa amechoka. Alitaka tu watu wanyamaze."

"Ulimngojea mpaka lini?"

"Mpaka akanywa."

"Basi na mimi nakungojea," alisema Idrisi. "Mnyama alikuwa na haki ya maji kabla ya kisu. Mwili huu aliokupa Mola kuufikisha kwake una haki gani, mama? Nitapiga goti hapa mpaka Aden. Mkono wangu hautachoka. Wewe ndiwe uliyenifundisha."

Akainua bilauri mbele yake. Mtumishi wa ndege alirudi, akasimama juu yao.

"Rubani anauliza."

"Mwambie," alisema Idrisi bila kugeuka, "kuna mama anayekunywa maji."

Kijana yule aliitazama bilauri, ingali imejaa. Alimtazama Idrisi. Akaenda mbele taratibu, taratibu kuliko ilivyohitajika.

Mkono wa Bi Kuruthumu ukatoka ndani ya buibui. "Usinicheke."

"Sicheki."

Alisema bismillahi, akanywa funda moja, akapumua, akanywa la pili na la tatu, kama ilivyo sunna. Kisha akanywa kama mwana wa Mbeere aliyefika kisimani, mpaka bilauri ikawa tupu, akatoa ishara aletewe nyingine. Rahema aliagiza chai, akaikoroga kwa sukari nyingi na chembe ya chumvi, akamnywesha kwa kijiko. Akamvua viatu, akampakata miguu, akaisugua kutoka vidoleni kwenda magotini, huku akimshutumu.

"Runji wenu alisema nini? Nyoosheni miguu. Idrisi alitusimulia sote. Mimi nimesimama mara ngapi? Hata huyu mgonjwa wangu wa sambusa amesimama."

"Nilisimama kutafuta mfuko," alisema Suleiman kwa unyonge.

"Kusimama ni kusimama."

Baada ya muda maji yalidai njia yake. Bi Kuruthumu alilijua hilo tangu funda la kwanza. Aliinuka, akimshika mwanawe mkono mmoja na Rahema mkono mwingine, akatembea mpaka nyuma, mkiani, penye chumba kidogo cha choo. Alipotoka uso ulikuwa na machozi.

"Umekwenda," alisema.

"Umebaki hewani," alisema Rahema. "Huenda malaika wameuokota wakasema, huyu wa Embu amedondosha kitu chake."

Bi Kuruthumu alicheka huku akilia, na kicheko kilimtikisa akalazimika kujishika kwenye ukuta wa ndege. Hapo palikuwa na dirisha la mwisho. Akaangalia nje.

Chini yao kulikuwa na mawingu mapya, mazito, yenye vilima na mabonde kama nchi isiyokaliwa na mtu. Mvua ilikuwa ikishuka kutoka upande wake mmoja, pazia la kijivu lililoning'inia juu ya ardhi ya mbali. Na juu ya weupe wa mawingu hayo kilikimbia kivuli cha ndege yao, kidogo kama nzi, kimezungukwa na duara kamili la rangi zote za upinde wa mvua. Ndege ilipopanda, duara lilipanda nayo. Ilipoyumba, liliyumba. Halikuwaacha.

Walisimama watatu wakitazama. Suleiman alisahau tumbo lake akaja kusimama nyuma yao.

"Ni nini hiyo?" alinong'ona.

Hapakuwa na aliyejua. Bi Kuruthumu ndiye aliyesema baadaye, polepole, kama mtu asomaye maandishi yaliyofifia.

"Haya ni maji. Yote haya. Mvua ya Embu inatoka huku, na ya Meru, na ile kidogo ya kwetu Mbeere. Nimejinyima funda moja, nami nilikuwa ninapita juu ya kisima chake." Akaweka kiganja kwenye kioo. "Nilidhani ninambebea kitu, Idrisi. Kumbe tangu asubuhi ni Yeye aliyekuwa amenibeba mimi."

Idrisi alisimama na mama yake mpaka duara likazama pamoja na mawingu, na bahari ikafunguka chini yao, buluu isiyo na mwisho wala alama.

Kuanzia hapo hadi Aden alitembea. Alikwenda mbele mpaka mlango wa rubani, akarudi mpaka mkiani, akaketi, akanywa, akainuka tena. Abiria wengine walimpisha; mzee mmoja wa Kisomali alianza kumwombea dua kila alipopita. Homa ilipungua. Miguu haikupungua vya kutosha, na ndege ilipoinama kuteremka, viatu vyake vilikataa kuingia.

"Lami ya Aden itakuunguza ngozi," alisema Rahema. "Ukirukaruka, daktari atasema unayumba." Akageuka. "Suleiman, vua."

"Nivue nini?"

"Makubadhi. Una miguu kama mbao za kitanda, yatamtosha."

"Na mimi?"

"Wewe ruka. Daktari akikuuliza mwambie ni mahamri."

Ngazi iliwekwa. Daktari wa karantini alisimama chini, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe, na kando yake wasaidizi wawili, na machela imeegemezwa ukutani. Abiria walishuka mmoja mmoja. Idrisi alimtangulia mama yake ngazi moja, hakumshika, kwa kuwa angemshika ingeonekana. Nyuma yao Suleiman alisubiri zamu yake peku, akisogeza nyayo.

Bi Kuruthumu alishuka katika makubadhi ya mwanamume, polepole, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi, na jua la jioni usoni. Alifika chini. Daktari alimtazama macho, akamtazama ulimi, akaweka vidole viwili juu ya mkono wake. Safari hii hakuuvuta ndani ya buibui. Hakuwa na udhu wa kuukinga. Daktari aliitazama ile miguu, akakunja uso. Akasema neno kwa Kiarabu, na kijana wa ndege akatafsiri.

"Anataka utembee mpaka kwenye ule ukuta na kurudi. Peke yako."

Bi Kuruthumu alikwenda. Hakwenda kwa haraka wala kwa madaha. Alikwenda kama alivyokwenda kila siku kutoka Majengo hadi sokoni, na makubadhi yakipiga lami, paa, paa. Alifika ukutani, akaugusa, akageuka. Aliporudi mbele ya daktari hakuwa akihema.

"Anauliza, unasikia maumivu?"

"Mwambie miguu imejaa kwa kukaa, na kosa ni langu. Mwambie nina kiu tena."

Daktari aliposikia alitabasamu. Alimpungia mkono apite, akaagiza msaidizi amletee maji. Nyuma yao Suleiman aliteremka kwenye lami ya moto akirukaruka kama jogoo, na ndiye aliyeitwa pembeni kupimwa mara ya pili, mkewe akimweleza daktari kwa Kiswahili kitupu, na daktari akielewa vizuri kabisa.

Penye kivuli cha jengo palikuwa na bomba. Bi Kuruthumu alijifunika, akatawadha, kiungo kwa kiungo, pasipo haraka, akiyaacha maji yapite juu ya nyayo zilizovimba muda mrefu zaidi ya ilivyo lazima. Asubuhi wangepaa tena kwenda Jidda, na angani, kabla ya kupita mikati, mpaka wa mahujaji, wangeingia katika ihramu. Idrisi alimtandikia shuka yake. Mama akasali rakaa mbili za shukrani, akabaki ameinua mikono, uso ameuelekeza upande waliotoka. Nao wenzake, walipomsikia, waliinua ya kwao.

Alisema: Ewe Mola uliyetubeba, tunakuomba kwa ajili ya waliobaki. Walio ndani ya waya na walio ndani ya handaki, walio msituni na wanaowangoja, wafungulie njia. Aliyelala na kiu Mbeere, mshushie kutoka katika kisima chako tulichokipita juu. Mgonjwa wa Embu na wa Meru, mponye; na mkono unaomtibu, utie baraka. Anayefunza, umjaalie amalize maneno yake pasipo kukatizwa. Waislamu na Wakristo waliotuaga kwa mema, wahifadhi wao na watoto wao na mifugo yao, wapate usingizi wa amani na asubuhi ya heri, mpaka utakapotukutanisha nao. Amina.